Mzito Anatangulia

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kujuta, nasema kama mtu anavyosema ana miguu mirefu. Cherehani yangu iko sebuleni, dirisha liko mkono wa kushoto, redio iko juu ya kabati, na birika la chai liko mahali ambapo naweza kulifikia bila kusimama wima. Wateja wananiletea vitambaa mlangoni, sare za shule na mashati ya kwaya, na wakija kuchukua wananikuta palepale waliponiacha. Mmoja aliwahi kuniuliza kama na mimi nimeshonewa kwenye kiti. Na kwa baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa sita na wa saba, upepo ule unaoshuka milimani na kuingia kwenye mifupa bila kupiga hodi, sikuwahi kuona sababu ya mtu mwenye mlango kutoka nje.

Aliyenitoa kwanza ni nesi mstaafu, jirani yangu na mwenzangu wa jumuiya. Jumuiya yetu ndogo ilikuwa imesali kwangu siku hiyo. Husali kwangu mara nyingi, kwa sababu kila wakiuliza nani atakuwepo, jibu linajulikana. Baada ya sala akatoa mashine yake ya presha akaanza kutupima mmoja mmoja. Alipofika kwangu akaitazama mashine, akaitikisa, akanipima tena. Kisha akaniangalia kama mtu anavyoangalia maziwa yaliyoanza kupanda kwenye sufuria.

"Fundi, utatembea."

"Kwenda wapi, dada?"

"Popote. Halafu utarudi."

Hicho kipande cha pili ndicho kilichonishawishi.

Kumbe alikuwa ameshawaandikia dawa hiyohiyo wengine wawili. Mmoja alikuwa dereva mstaafu wa malori, mzee mjane anayekaa nyumba chache kutoka kwangu, ambaye alikuwa ameipita njia ya Tunduma enzi zile ilipokuwa tope tupu, na bado anaizungumzia kama mtu anavyomzungumzia mke wa kwanza. Mwingine alikuwa Msukuma wa makamo. Familia yake ilikuja na ng'ombe kutoka kaskazini magharibi ikakaa huko bondeni karibu na Ziwa Rukwa, naye baadaye akapanda huku juu akanunua shamba. Siku ya kwanza alitutazama tukikaza kamba za viatu, akatikisa kichwa.

"Kwetu mtu mzima akitembea kutwa bila ng'ombe mbele yake," alisema, "ndugu zake wanaitisha kikao."

Lakini hakukosa Jumapili hata moja.

Utaratibu ulikuwa huo. Baada ya misa ya kwanza tunakutana kwenye mashine ya kusaga, sisi watatu na nesi mwenyewe, kila mtu na chakula chake: viazi vitamu, mahindi ya kuchemsha, chupa mbili za chai. Tunaziacha nyumba za mwisho na mikaratusi yake, tunaingia mashambani. Asiyeujua uwanda wa Ufipa asidhani ni rahisi kwa kuwa ni wazi. Ni nchi isiyoficha kitu. Ukianza safari unaona unakokwenda, na saa mbili baadaye bado unakuona, kuko vilevile, kama mtu anayekudai ufike huku anarudi kinyumenyume. Mimi nikiwa chumbani sijawahi kuona kitu kinachokataa kusogea namna hiyo, isipokuwa mimi mwenyewe.

Sheria ilikuwa moja tu, na aliileta mzee dereva. Mzito anatangulia. Alisema zamani malori yakisafiri kwa msafara wakati wa masika, lililojaa zaidi ndilo lililowekwa mbele. Likinasa, wote walio nyuma wanaliona na wanashuka kulisukuma. Likiwekwa nyuma, litanasa peke yake, na wenzake watagundua wakiwa wameshafika mji wa Chala na kuagiza nyama.

"Basi na sisi mwenye mzigo mkubwa aende mbele," alisema, akanitazama tumboni.

Nikawa kiongozi. Kwa miaka miwili nimewaongoza watu wenye pumzi kuliko mimi, wote watatu nyuma yangu wakinihesabia makosa. "Fundi, hiyo hatua umeipima kwa futi?" "Fundi, umepunguza mwendo au umesimama? Tujue kama tutoe chai." Yule wa mbele ndiye anayepanga mwendo, ndiye anayesema tupumzike, na hakuna anayeruhusiwa kumpita. Nilitukanwa kwa ufundi mkubwa, lakini sikuachwa. Nadhani ndiyo maana niliendelea kutoka nyumbani.

Mwaka huu, tangu masika, matusi kutoka nyuma yalipungua. Mwanzoni nilidhani nimekuwa mwepesi, nikajipongeza kimyakimya. Kisha nikagundua kwamba aliyenyamaza ni mzee. Zamani alikuwa mgongoni kwangu kabisa, nasikia hata pumzi zake. Sasa alikuwa anakaa mwisho wa msafara. "Nalinda nyuma," alisema. Akawa analinda nyuma kwa mbali zaidi kila wiki, na tukipumzika anafika wakati vikombe vimeshajaa. Kwetu mzee haambiwi amechelewa. Anaambiwa chai bado ya moto.

Mwezi wa tano akaanguka uani kwake, nyuma ya jiko, kwenye utelezi wa mvua za mwisho. Alijiokota mwenyewe akaingia ndani, na kwa siku tatu akauficha mkono uliovimba ndani ya koti. Nesi ndiye aliyeuona, na nesi ndiye aliyempigia simu binti wa mzee aliyeko Dodoma. Tangu hapo mzee akamnunia nesi. Alikuwa anatembea nasi na kuniambia mimi, "Mwambie huyo sista anipe chumvi," na sista yuko hatua moja.

Jumapili moja mwanzoni mwa mwezi wa saba akatukuta kwenye mashine ya kusaga, akasema bila kuvua kofia ya sufu:

"Binti anakuja wiki ijayo. Atatembea nasi mpaka ukingoni. Nikifika ukingoni na kurudi kwa miguu yangu, nabaki kwangu. Nikishindwa, Jumatatu niko kwenye basi la Dodoma na blanketi."

Ukingo ni pale uwanda unapokatika ghafla na kulitazama bonde la Rukwa. Ndiyo safari yetu ndefu kuliko zote.

"Dodoma si mbaya, mzee," Msukuma alisema. "Kuna jua."

"Mama yake huyo binti amezikwa hapa. Halafu nikiwa Dodoma nitafanya nini? Nikae kwenye kochi nitazame ukuta? Hiyo kazi anaiweza fundi, mimi sina utaalamu."

Tulicheka, yeye hakucheka.

Wiki ile nilishona vibaya. Nilibandika mfuko wa shati la kwaya mgongoni. Nilikuwa nawaza jambo moja: binti amesimuliwa sheria yetu kwa simu miaka miwili, anajua mzito anatangulia, na akimwona baba yake anawekwa mbele au anaachwa nyuma, vyote viwili ni tiketi ya basi. Nikaamua. Siku hiyo nitakuwa mzito kuliko nilivyowahi kuwa. Nitatembea polepole kiasi kwamba mzee ataonekana kijana. Nikachonga na fimbo kabisa. Sikumwambia mtu, maana wema ukitangazwa unaharibika.

Jumapili ikafika, na binti naye. Mwanamke wa miaka kama arobaini, koti zuri, viatu vya kufaa, macho ya baba yake.

"Shikamoo, baba mdogo," akaniamkia. "Wewe ndiye fundi anayetangulia?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi, kwa huzuni ya wote."

Nikainua fimbo niende mbele. Nesi akanizuia. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji kutoka kwenye kifundo hadi karibu na goti.

"Leo natangulia mimi," alisema. "Kifundo hiki hakitaki haraka."

"Kifundo gani tena, mama?" Msukuma akauliza. "Jana nimekuona unapanda ngazi za kanisa na ndoo kichwani." Kisha kama aliyekumbuka kitu akashika kiuno, akajikunja. "Hata hivyo anayepaswa kutangulia ni mimi. Mgongo. Niliinua gunia vibaya."

Nilikasirika kwa dhati. Miaka miwili ya matusi nimevumilia kwa ajili ya nafasi ile, na sasa watu wenye afya zao wanaitaka. Tukabishana hapo kwenye mashine ya kusaga, wagonjwa watatu tunagombea umbele, huku binti anatutazama mmoja baada ya mwingine. Mzee alikuwa nyuma kabisa, mikono mfukoni, anatazama mawingu. Mwishowe tukatangulia wote watatu sambamba, jambo ambalo njia ya miguu haikuumbiwa.

Sijawahi kutembea polepole namna ile na wenzangu wote wameridhika. Nikipunguza, nesi anapunguza. Nesi akipunguza, Msukuma anasimama kabisa na kuguna. Kina mama waliobeba mahindi kwenda kusaga walipishana nasi, wakasaga, na nadhani mmoja wao ndiye aliyetupita kwa nyuma akirudi na unga. Mkokoteni wa maksai ukatufikia kwa nyuma. Maksai wenyewe ni wanyama wasio na haraka ya maisha, lakini walilazimika kusubiri. Mwenye mkokoteni akatutazama kwa huruma.

"Mmeangusha kitu?" akauliza.

"Hapana," nikamjibu.

"Nilidhani mnatafuta."

Nyuma yetu mzee alikuwa amefufuka. Kwa mara ya kwanza tangu masika alikuwa karibu nasi, tena anapiga mluzi. Nilimsikia akimweleza binti yake jinsi walivyolala siku nne wamenasa kwenye tope, wakala viazi walivyombebea tajiri. "Hawa wenzangu wamechoka siku hizi," alimwambia. "Inabidi niwavumilie." Nilifurahi sana. Nilijiona mtu mwenye akili kuliko wote waliowahi kuishia kidato cha nne.

Saa sita ilikuwa imepita tulipofika kwenye kijito ambacho kwa kawaida tunakifikia saa nne. Mashamba yote yalikuwa yameshavunwa, manjano mpaka macho yanapochoka, na vilima kuelekea ukingoni vilikuwa vimesimama mbali vilevile, havijasogea hata kidogo. Binti akatoa simu akatazama saa.

"Baba, kwa mwendo huu tutarudi saa ngapi?"

Akaligeukia jua.

"Giza litatukuta. Na hawa wenzio ni wagonjwa, siwezi kuwaburuta. Tugeuze hapa. Basi, nimeona."

Mluzi wa mzee ukakatika. Nikamtazama nesi, nesi akamtazama Msukuma, Msukuma akanitazama mimi, na nadhani ilikuwa ndiyo dakika moja tulipojua sote watatu. Kila mmoja alikuwa amefika na ugonjwa wake kutoka nyumbani, kwa siri, kwa upendo. Na kugeuza pale maana yake mzee hakufika ukingoni. Tulikuwa tumemkatia tiketi ya basi wenyewe.

"Aa, mimi najisikia nafuu," nesi alisema haraka. "Tuvuke tu. Maji baridi yanasaidia."

Akakaa kwenye jiwe, akafungua bendeji, akavua viatu, akavuka kijito mbio kama msichana. Upande wa pili akakaa, akajifuta, akavaa viatu, na kwa haraka ile akafunga bendeji upya. Akaifunga mguu wa kushoto.

Mzee alisimama upande wa huku akimtazama mpaka alipomaliza fundo.

"Sista," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita moja kwa moja tangu anune. "Kifundo kimevuka mto kikahamia mguu wa pili."

Msukuma alicheka mpaka akainama, mikono magotini, mgongo wake mzima kama upinde mpya. Alipokumbuka gunia lake alikuwa ameshachelewa.

"Na wewe?" mzee akamuuliza. Akanigeukia. "Na wewe, fundi?"

"Mimi sikuigiza sana, mzee."

"Najua. Wewe ulikuwa wewe, ukaongeza fimbo."

Mzee alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Nilimwona anapiga hesabu ya kitu, na nilitamani kuwa kwangu, mlango umefungwa, redio inasema habari za watu wengine.

"Mwanangu," akamwambia binti. "Mzito ni mimi. Tangu mwezi wa pili. Hawa walikuwa wananificha, na mimi niliona raha kufichwa, sikuuliza." Akatuzungushia macho. "Tokeni njiani."

Akavuka kijito, Msukuma akimshika mkono, akapita mbele yetu.

Nilikuwa sijawahi kumwona mzee akitembea. Siku zote alikuwa nyuma yangu. Sasa nikaona mguu wake wa kushoto unachelewa kuinuka, na kwamba kila baada ya hatua kadhaa anautupia jicho, kama dereva anavyotazama tairi asiloliamini. Alikuwa mzito kweli. Lakini uzito wake wa kweli ulikuwa mwepesi kuliko uzito wetu wa uongo, na tukaenda. Akitaka kupumzika anasema, "Tupumzike," kwa sauti ya kawaida, na wote tunakaa. Hakuna aliyemtania. Baada ya mapumziko ya pili akageuka.

"Mbona mmenyamaza? Tuko msibani?"

"Mzee," Msukuma akasema taratibu, "ng'ombe wangu mwenye mimba angekuwa ameshafika."

"Hapo sasa," mzee alisema, akaendelea.

Chini ya kilima cha mwisho akasimama. Kutoka pale ni mwinuko mmoja, si mrefu, halafu ndiyo ukingo. Alitazama juu kwa muda. Kisha akakaa kwenye jiwe.

"Mwisho wangu ni hapa."

"Baba, pale ndipo penyewe."

"Napaona. Nenda na wenzangu ukalione bonde. Mimi nimeliona miaka mingi, halihami."

Binti alisita, halafu akapanda na nesi na Msukuma. Mimi nilibaki. Palipo na kukaa, mimi huwa wa kwanza kujitolea. Nikammiminia chai, akashika kikombe kwa mikono miwili, upepo ukipeperusha mvuke kabla haujafika puani.

"Basi ni saa kumi na mbili asubuhi," alisema.

"Huenda ukapata kiti cha dirishani."

Akanywa funda moja. Kisha akauliza, na hakuwa ananicheka, "Fundi, kukaa ndani siku nzima, huwa unafanyaje?"

Ni swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza akitaka jibu. Nikamwambia ukweli. Kwamba si kukaa. Ni kusubiri watu, na kuwa na kitu mkononi ili wasijue unawasubiri. Kwamba siku ambayo hakuna mteja ninafumua mshono mzuri na kuushona upya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi cherehani sijui," alisema.

Walishuka binti akiwa na nywele zimevurugwa na upepo. Alikuwa ameliona ziwa, mstari mweupe mbali, na mabati ya kijiji cha Muze yakimetameta huko chini kwenye joto. Akakaa chini kwenye nyasi mbele ya baba yake, koti zuri na yote.

"Baba, siogopi miguu yako," alisema. "Naogopa mdomo wako. Ulianguka, na kesho yake tuliongea kwa simu ukaniambia unapalilia. Nilipiga siku tatu, unapalilia tu. Nikasema, huyu siku moja atakufa ananiambia anapalilia."

Mzee alitazama kikombe.

"Nilikuja nikijua utafika ukingoni hata kwa kutambaa, halafu uniambie umetembea. Hapo ndipo ningekupandisha basi." Akachomoa jani la nyasi. "Kumbe unaweza kusema mwisho wako ni hapa."

"Neno hilo nimelisema leo," mzee akajibu. "Linauma kuliko mkono."

Binti akatugeukia sisi. "Kati yenu nani anakuwepo nyumbani kila siku? Namaanisha kila siku, asiyesafiri, asiyeenda shambani, asiyetoka."

Sikupewa nafasi ya kufikiri. Nesi alininyooshea kidole, Msukuma akaninyooshea kidole, na mzee, bila kuinua macho kwenye kikombe, akaninyooshea kidole.

Makubaliano yakafanyika palepale. Kila asubuhi saa moja nitapiga hodi kwa mzee, nitamwona kwa macho yangu, si kwa sauti, kisha nitampigia binti. Akianguka, nitasema ameanguka. Mpaka masika yapite, halafu wataangalia tena. Binti hakusema ataangalia nini, na mzee hakuuliza. Tulirudi giza linaanza kuingia, mzee mbele, na Jumatatu binti alipanda basi peke yake.

Siku za kwanza mzee alinijibu kupitia mlangoni. "Bado nipo, nenda zako." Nikamkumbusha masharti, akafungua upana wa pua. Wiki ya pili akafungua mlango wote. Siku hizi kuna kikombe changu. Na nimekuja kugundua kwamba naye anampigia binti, jioni, kutoa taarifa zangu. "Leo fundi amechelewa dakika kumi. Amekuja bila soksi. Nina wasiwasi naye." Mimi ambaye nilikuwa sioni umande, sasa kila alfajiri ya baridi niko njiani na koti juu ya koti, na kina mama wanaokwenda kisimani wananiuliza nani amefariki.

Juzi nilipiga hodi, kimya. Nikapiga tena. Nikaita. Jiko lilikuwa halitoi moshi. Nilisimama pale na simu mkononi, na namba ya binti tayari imefunguka, na sikuweza kuibonyeza wala kuizima. Nilihesabu kitu, sijui nini. Kisha nikasikia komeo.

Alisimama mlangoni na kiatu kimoja.

"Nilikuwa chini ya kitanda," alisema. "Natafuta cha kushoto. Nimepiga magoti, kuinuka ndiyo imechukua muda. Usinitazame hivyo. Mwambie ilivyokuwa, na magoti yote."

Nikampigia palepale, yeye ameniegemea bega akivaa. Nikamwambia baba yake alipiga magoti kutafuta kiatu, akachelewa kuinuka, lakini ameinuka mwenyewe, na kiatu kimepatikana.